Kabla Bibi Hajakuchanja

Mwanangu Mbuke,

Salamu nazipunguza, kwa sababu tumesalimiana asubuhi ukiwa umeinamia beseni la vyombo, na hali yako naijua: viazi vitamu umemaliza, na chai ya baba yako ukainywa juu yake. Naandika nikiwa hapa kibandani. Cherehani nimeisogeza pembeni, na vitambaa vya wateja nimevirundika kwenye benchi. Wewe uko mjini unaaga watu. Baba yako amekwenda kuwaangalia ng'ombe wake wawili, na kwa jinsi anavyokaa huko mtu atadhani ni kundi zima. Bibi yako yuko uani kwetu. Amekaa mkekani tangu bodaboda imshushe, amepakata kifurushi chake cha dawa, na kila anayepita anamwambia kuwa amekuja kumkinga mjukuu.

Jana uliniambia neno moja kisha ukaenda kulala. Ulisema, "Mama, wewe ukisema nichanjwe, nachanjwa. Ukisema nisichanjwe, basi. Mimi sitaki kugombana na mtu siku ya kuondoka." Ukajifunika shuka, na haukupita muda nikakusikia unakoroma. Mimi ndiye niliyebaki nimekodoa macho. Kesho alfajiri unapanda basi la Dar es Salaam, na bibi anataka kukuchanja chale leo jua likizama. Kwa hiyo jibu langu linatakiwa kabla ya magharibi, na jibu lenyewe sina. Nimeanza kuandika nikitumaini litajitokeza huko mbele. Mdomoni haliwezi kutoka, maana nikianza kuongea wewe unanijibu kabla sijamaliza, baba yako anacheka, bibi yako ananuna, na mimi nasahau nilichotaka kusema.

Sitaandika habari za kuvaa sweta ukifika Makambako, wala kufunga milango ya gari ukilala, wala wanaume wa kwenye vituo vya malori. Hayo shangazi zako wameshayasema yote, na mengine wameyatia chumvi. Mimi bado nashangaa tu. Binti niliyemfundisha kupinda upindo wa suruali, akanivunjia sindano tatu kwa siku moja, leo ana leseni ya kuendesha semi-trela, na kampuni ya Dar imemwita akabidhiwe gari lake apeleke mizigo Tunduma. Majirani wananipongeza barabarani. Nawaitikia, nacheka nao, halafu nikigeuka natafuta njia isiyopita kwa watu.

Kwanza nikwambie kwa nini siwezi kumcheka bibi yako. Watu wa mjini wanatarajia nimcheke. Mimi ni mtoto wa duka, baba yangu alitoka Tabora akafungua duka la nguo hapa Bariadi, nimesoma madrasa, nimeolewa na Msukuma kwa mapenzi, na wengi wanadhani chale naziona ushamba. Lakini juu ya mlango wa duka la baba yangu palikuwa na karatasi iliyoandikwa dua, imekunjwa, imetiwa kwenye kifuko cha ngozi, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Duka la jirani liliwahi kuungua, letu likabaki. Baba yangu alipoulizwa alinyoosha kidole juu ya mlango. Kwa hiyo nilipoingia kwenye ukoo wa baba yako nikakuta wana dawa ya safari, sikushangaa. Nilijiambia hawa nao wana kifuko chao.

Dawa yenyewe unaijua kwa jina tu, sidhani kama umewahi kuelezwa ilikotoka. Babu yake bibi yako, kule Ipililo, alikuwa anawachanja wanaume waliokuwa wanaswaga ng'ombe kwenda kuuza mbali. Walikuwa wanatembea siku nyingi porini, na huko mbele wanaweza kukutana na simba, au na wezi. Anawachanja kwenye vifundo vya mikono na juu ya paji la uso, anapaka unga mweusi, wanakwenda, wanarudi. Ng'ombe walipoanza kusafirishwa kwa malori, dawa haikuachwa. Waliochanjwa sasa wakawa madereva. Hakuna aliyekaa akafikiri kama dawa ya mtu anayetembea kwa mwendo wa ng'ombe inamfaa anayekimbia na tani thelathini mgongoni. Hata mimi sikuwahi kulifikiri mpaka wiki hii, na kulifikiri kwenyewe hakujanisaidia.

Baba yako alichanjwa kabla hajaanza kazi. Wewe umemjua akiwa mtu wa kukaa, mwenye miwani na mgongo unaouma, kwa hiyo ukisikia watu wanamwita "Ndege" unadhani ni utani wa wazee. Haukuwa utani. Masunga wangu msimu wa pamba alikuwa haingii nyumbani ila kubadili shati. Alikuwa analipita gari la mbele mlimani asikoona kitu. Mteremko akiuona anatoa gia, anaacha gari lijiendee lenyewe, ili dizeli ibaki. Usingizi ukimshika anajipiga makofi na kuimba. Tajiri wao, mwenye malori, alimpenda kuliko wote, kwa sababu gari lake ndilo lililokuwa la kwanza kwenye foleni ya kiwanda cha pamba, linashusha, linageuza, linaondoka tena wakati wengine bado wako njiani.

Na mimi nilipenda. Usidhani nilikuwa mke wa kulia nyumbani. Nilikuwa nikisikia honi yake pale kona ya msikiti, mabega yanapanda yenyewe. Wanawake wenzangu walikuwa wanasema, "Zaituni, mumeo kashafika?" na mimi najibu taratibu, kama mtu asiyejali, "Kafika jana." Nilikuwa najivunia mwendo wake kana kwamba nilimshonea mimi.

Jirani yetu alikuwa Emanueli. Huyo unamkumbuka, baba yake Neema, uliyekuwa unamwita Bwana Tairi kama walivyomwita madereva wote. Jina lilitokana na tabia yake ya kulizunguka gari kabla ya kuondoka, akigonga kila tairi kwa chuma na kusikiliza. Wenzake walikuwa wanakaa kwenye ngazi za malori yao na kumhesabia kwa sauti, wakivunjika mbavu. Emanueli hakuwa anakasirika. Mlimani anakaa nyuma ya trekta mpaka juu. Akisikia usingizi anaegesha, anatandika mkeka chini ya trela, analala. Safari ambayo baba yako anafika leo, yeye anafika kesho, na mkewe, mama Neema, alikuwa ananiambia kwa kucheka, "Wako kafika, wangu bado anaongea na matairi." Chale alikataa. Alikuwa mtu wa kanisa, akasema yeye ameshabatizwa, inatosha. Bibi yako alimkasirikia kwa hilo miaka yote, kwa sababu alimpenda na alitaka kumchanja bure.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hujawahi kulisikia, au umelisikia kwa namna nyingine.

Ulikuwa mdogo, nimekuacha kwa mama Neema, nikapanda gari la baba yako kwenda Mwanza kununua vitambaa vya sare za shule. Tulibeba marobota ya pamba. Tulipokaribia Mkula, kwenye kile kilima, kulikuwa na lori limejaa mashudu, linapanda kwa kutambaa. Baba yako alikuwa ananisimulia habari za tajiri wao, na bila kukatisha maneno akatoka kulia ili alipite. Hatukuwa tumefika hata katikati ya lori lile nikaona lori la mchanga limetokea juu, linakuja. Nilimwona dereva. Alikuwa amevaa kofia ya kijani na mdomo wake ulikuwa wazi. Sikupiga hata kelele. Yule mtu akakata usukani, akatoka nje ya lami, tairi za mbele zikaingia mtaroni, mchanga ukaruka juu kama moshi, na sisi tukapita. Tukarudi upande wetu kana kwamba tulikuwa tumefunguliwa geti.

Baba yako akagusa kifundo cha mkono wake, pale penye chale, akasema, "Umeona, mama Mbuke? Wazee hawajalala."

Mimi nikainuka kidogo kitini, nikachungulia kwenye kioo cha upande wake. Yule mtu alikuwa ameshuka. Alikuwa amesimama kando ya gari lake lililoinama, mikono yote miwili kichwani, halafu akainama akashika magoti. Kisha kilima kikamficha. Na unajua mimi nilisema nini? Nilisema, "Alhamdulillahi," nikashika kifundo cha baba yako nikakibusu. Sikusema simama. Halikunijia kabisa kichwani. Nilikuwa nimefurahi, mwanangu, kuliko nilivyowahi kufurahi, kwa sababu niliona ungebaki yatima na hukubaki.

Niliporudi Bariadi nilikuwa na hadithi. Hapa kibandani wateja hukaa wakisubiri nguo, na mdomo wangu unaujua. Niliisimulia kwa kila aliyekaa kwenye benchi hili. Nilisema lile lori la mchanga lilisukumwa na kitu kisichoonekana, likapeperuka kutoka barabarani lenyewe. Nilisema nimekiona kwa macho yangu. Kofia ya kijani sikuitaja. Sikuwa nadanganya kwa makusudi. Nilivyozidi kusimulia, ndivyo yule mtu alivyozidi kutoweka, mpaka likabaki lori tupu linalokwepa kwa nguvu za Ipililo.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kupunguza gauni. Jina lake sitaliandika, yuko hai na ana wajukuu. Alisikiliza mpaka mwisho, gauni limemlalia mapajani, akaniuliza, "Huko Ipililo mtu anafikaje?" Kijana wake alikuwa ndiyo kwanza amepata kazi kwenye lori. Nikamwelekeza. Nikamwambia aseme ametumwa na mke wa Masunga, atapokewa vizuri. Na kweli walipokewa vizuri, bibi yako alimchanja yule kijana na hakutaka malipo zaidi ya chumvi na sabuni.

Yaliyofuata unayajua kidogo. Msimu mwingine wa pamba, Emanueli alikuwa anatoka upande wa Maswa na mzigo. Kijana yule alikuwa anatoka huku, akawa nyuma ya basi, basi linaenda polepole, na yeye ana foleni ya kuwahi kiwandani. Akalipita basi kwenye kona. Emanueli akamwona, akafanya kile ambacho angekifanya siku zote, akatoka barabarani kumpisha. Mahali alipotoka barabarani hapakuwa na mtaro mdogo kama ule wa Mkula, palikuwa na bonde. Lori lilipinduka na marobota yote. Alipotolewa alikuwa ameshakufa. Gari la kijana lilivunjika kioo cha pembeni.

Msibani nilikaa na mama Neema kwenye mkeka mmoja. Nilidhani atalia, hakulia. Alikuwa ananiuliza maswali, polepole, kama mtu anayetafuta kitu ndani ya begi. "Zaituni, si alikuwa analala akisikia usingizi? Si alikuwa anapunguza mwendo? Matairi si alikuwa anayagonga?" Nikamwambia ndiyo. "Sasa mbona yeye?" Na nyuma yetu, wanaume waliokuwa wanagawa maji walikuwa wanasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini ya kutosha, "Yule kijana ana kinga ya Ipililo. Kioo tu. Bwana Tairi si alikataa?"

Wiki ileile ya mazishi, yule mama wa gauni alikuja hapa kibandani. Alikuja na kuku jike, mweupe, amefungwa miguu kwa kamba ya katani, akanipa kwa mikono miwili kama wanavyotoa shukrani hapa kwetu, akapiga goti kidogo. "Mama Mbuke, umeniokolea mtoto." Mimi nikampokea. Mtu akikuletea kuku wa shukrani kwa goti, unafanyaje? Unamkataa? Nilisema "Wabeja," asante kwa Kisukuma chetu, na yeye akaondoka analia kwa furaha. Nyumba ya mama Neema ni hatua chache kutoka hapa, na alikuwa amekaa mlangoni, ameona kila kitu.

Yule kuku sikumchinja, na kumrudisha nilishindwa. Akawa anataga. Mayai uliyokuwa unakula kabla ya kwenda shule, ukisema ya kwetu yana kiini chekundu kuliko ya dukani, yalikuwa ya kuku yule. Nakuambia hivi si ili ujisikie vibaya, ulikuwa mtoto na yai ni yai. Nakuambia kwa sababu ulikuwa unaniuliza kwa nini mimi mayai siyali, na mimi nilikuwa nasema yananijaza gesi.

Sasa unaelewa nimekwama wapi. Mama mwenye akili iliyonyooka angekuambia hivi: mwanangu, endesha kama Emanueli, usiendeshe kama baba yako. Ni maneno mazuri, hata mwalimu wa chuo chako cha udereva angeyapigia makofi. Lakini Emanueli amelala kwenye makaburi ya kanisa, na baba yako yuko malishoni anawapigia miluzi ng'ombe. Nikikuambia endesha kama Emanueli, nakuambia nini hasa? Na nikikuambia chanjwa, utapona kama baba yako, nakuwa nimemwambia nini mama Neema, ambaye jana tu alikuja kukuletea ile chupa ya chai ya safarini, akakukumbatia mpaka nikatazama pembeni?

Nimejaribu kumuuliza baba yako. Juzi, ulipokwenda kuoga, nilimwambia, "Baba Mbuke, hivi wewe ulipona kwa nini?"

Akafikiri. "Mungu," akasema. "Na dawa. Na mimi nilikuwa naijua gari, bwana."

"Emanueli alikuwa haijui?"

Akawa anakuna kifundo cha mkono. "Emanueli alikuwa dereva kuliko mimi," akasema. "Hilo kila mtu alilijua. Tulikuwa tunamcheka tu." Kisha akasimama akasema anakwenda kuangalia ng'ombe, na ng'ombe alikuwa ametoka kuwaangalia.

Kwa hiyo na yeye hajui. Miaka yote nilidhani anajua na ananificha.

Kuna jambo lingine baya zaidi, na nikiliruka barua hii itakuwa ya uongo. Mimi nataka urudi. Ndilo jambo pekee ninalolitaka kwa hakika, mengine yote yananichanganya. Na nimejiuliza: ningeambiwa leo kwamba dawa inafanya kazi, lakini kazi yake ni kumtupa mtoto wa mwenzangu mtaroni ili wa kwangu apite, ningekataa? Nilipokuwa naanza aya hii nilidhani ningekataa. Sasa sina hakika. Nakuona wewe kwenye kona, nakuona na hicho kilemba chako cha njano, na naogopa kwamba ningesema mchanje, mchanjeni mara mbili. Mama yako ndivyo alivyo, usimfikirie kuwa bora kuliko hapo.

Hapa niliacha kuandika. Nilikwenda uani nikamkuta bibi yako amefungua kifurushi, anachambua mizizi, na wembe mpya bado uko kwenye karatasi yake. Nikakaa naye chini. Nikamuuliza swali ambalo ningepaswa kumuuliza tangu nilipoolewa.

"Mama, hii dawa inamkinga na nani?"

"Na anayekuja mbele," akasema. "Zamani alikuwa simba."

"Na sasa?"

"Sasa ni gari."

"Kwenye gari yumo mtu, mama."

Akanitazama. Unamjua bibi yako anavyotazama, unaweza kudhani hajakusikia. "Mayu," akaniita, yaani mama kwa Kisukuma chake, "mimi nakinga wa kwangu. Huyo mwingine naye ana bibi yake."

Sikuchukia. Nilielewa kabisa, na hilo ndilo lililonitisha. Aliona ni jambo la haki tu: kila mtu atoke nyumbani kwake amekingwa na wa kwao, wakutane njiani wakiwa sawasawa, wapishane salama. Kwenye akili yake hakuna dereva aliyetoka mikono mitupu. Nikamwambia, "Emanueli hakuwa na bibi. Alilelewa na masista, alikuja hapa mkubwa, hata ukoo wake hakuujua."

Bibi yako akaacha kuchambua mizizi. "Sikujua," akasema. "Nilidhani alinikatalia kwa kiburi." Akaomba maji, nikampa, akanywa yote. Halafu, kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, akasema, "Sasa mimi ningefanyaje, mayu? Ningekaa nimeangalia tu?" Nikamshika mkono. Tukakaa hivyo mpaka jirani akaja kuomba chumvi.

Nimerudi kibandani, na kwa kuwa jua linashuka naandika haraka, utanisamehe mwandiko.

Chanjwa, mwanangu. Hilo ndilo jibu langu. Usiniulize kama naamini, nimejiuliza kutwa nzima na kila mara najibu tofauti. Chanjwa kwa sababu yule mwanamke ametoka Ipililo na mgongo wake ule, na hana kitu kingine cha kukupa. Chanjwa kwa sababu ukiondoka bila chale, mimi na dua zangu zote sitalala, na ukiondoka nazo huenda nikasinzia kidogo. Zitauma, kisha zitapona, na zitabaki vialama vidogo ambavyo wenzako wa huko watavishangaa. Waambie ni vya bibi.

Ila zikishapona usiziguse ukiwa barabarani. Baba yako alikuwa akizigusa anaacha kuona mtu kwenye gari la mbele. Mimi nilikaa kiti cha pembeni nikaacha kuona vilevile, na bado nikatangaza. Wewe utakuwa kwenye kona ya mlima, peke yako, una haraka, na lori lililo mbele yako linatambaa. Hapo hapatakuwa na mimi, wala bibi, wala mwalimu wa chuo. Sijui utakumbuka nini. Kama una nafasi ya kukumbuka neno moja tu, kumbuka hili la mama yako aliyechanganyikiwa: kila anayekuja mbele yako, mhesabu kuwa hana bibi.

Mama yako,
Zaituni